Jengo la Maabara (2): Mabomba Yanapopewa Ghorofa Yake

Wiki iliyopita tuliishia kwenye msingi na nguzo. Leo zamu ni ya fundi bomba na fundi wa hewa, watu ambao katika nyumba ya kawaida huitwa mwishoni, kuta zikiwa zimeshasimama, kisha wakaambiwa watafute pa kupenya. Maabara ya utafiti haijengwi hivyo. Msanifu majengo Louis Kahn wa Marekani alifunzwa jambo hilo na jengo lake mwenyewe.

Maabara za Richards za Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, alizoanza kuzisanifu mwaka 1957, zilimpa sifa kubwa kwa minara yake ya matofali inayopitisha hewa. Watafiti waliohamia humo hawakushangilia sana. Vyumba vilibana, jua liliwapiga machoni, na mabomba yaliyoachwa wazi juu ya vichwa vyao yalikusanya vumbi.

Mwaka 1959 Kahn akafuatwa na Jonas Salk, yule wa chanjo ya polio, aliyetaka taasisi ya utafiti huko La Jolla, California. Maabara zilizokamilika mwaka 1965 ziko katika majengo mawili yanayotazamana. Kila moja lina ghorofa 6: tatu za watafiti na tatu za mabomba, kila ghorofa ya mabomba ikikaa juu ya maabara inayoihudumia. Kenchi za zege zenye kimo cha futi 9, karibu mita 2.7, zinavuka upana wa futi 65 bila nguzo katikati. Ndani ya kimo hicho fundi anatembea wima na spana zake, huku mtafiti chini yake akiendelea na kazi. Kahn alishaandika kwamba anayachukia mabomba kwa dhati, na kwamba ndiyo sababu akaona ayape mahali pake, la sivyo yatalivamia jengo zima. Laiti wasanifu wote wangekuwa na chuki ya namna hiyo!

Kinachokula nafasi zaidi ni hewa. Ofisini hewa iliyopozwa huzungushwa tena na tena. Katika maabara ya kemikali huvutwa kutoka nje, ikatumika mara moja, ikatupwa; kwa kawaida hewa ya chumba hubadilishwa mara 6 hadi 12 kwa saa. Kabati la kuvutia mvuke wa sumu nalo huhitaji hewa iingie mdomoni mwake kwa kasi ya takriban mita 0.5 kwa sekunde. Hewa inayotoka isipofidiwa, milango huwa mizito kufungua na makabati huanza kunyang'anyana. Hata hivyo, inayotolewa huachwa izidi kidogo inayoingizwa, ili hewa itoke koridoni kwenda maabara, isiende kinyume. Feni ya kutolea huwekwa juu ya paa, mwisho wa njia, kwa hesabu nzuri: njia yote iliyo ndani ya jengo inakuwa inavuta, hivyo ikitoboka itaingiza hewa ya chumba badala ya kumwaga sumu.

Maji yana hila zake. Mpira uliotumbukia kwenye sinki la kemikali unaweza, shinikizo likishuka, kuyarudisha maji hayo kwenye bomba la kunywa. Kwa hiyo mfumo wa maji ya kunywa na ule wa maji ya maabara hutenganishwa. Maji machafu hayapitishwi kwenye chuma cha kawaida, kwa kuwa asidi itakila. Hutumika plastiki ya polipropilini au kioo maalumu. Sodiamu azidi, dawa ya kuzuia bakteria, ikimwagwa kwenye bomba la shaba au la risasi huweza kuzaa chumvi inayolipuka. Anayekuja kukumbana nayo ni fundi wa miaka ya baadaye, mwenye msumeno mkononi.

Basi nani atangulie darini? Kwanza njia kubwa za hewa, kwa kuwa hazikunjiki ovyo. Pili mabomba ya maji machafu, yanayodai mteremko. Maji safi na gesi hufuata, maana shinikizo huyapandisha na kuyapinda popote. Kila mfumo hupimwa kabla dari haijafungwa.

Ghorofa tatu zisizo na mtafiti hata mmoja ni gharama, na wenye majengo wengi watazikataa. Wakikataa, wasikubali angalau koki za kufungia zifichwe juu ya meza za watafiti. Mahali pake ni koridoni.

Wiki ijayo: umeme na jenereta.