Maji ya Moto Yanapotoka Kiduchu

Nyumba nyingi za Uingereza hazina tangi la maji ya moto. Zina boila ya kombi, sanduku linalotundikwa ukutani, aghalabu jikoni, ambalo huwasha gesi pale bomba linapofunguliwa na kuyapasha maji yakiwa njiani.

Yakianza kutoka kiduchu, boila ndiyo hulaumiwa. Haraka ya nini? Kwanza yafunguliwe maji baridi kwenye sinki lilelile. Yakiwa dhaifu nayo, kasoro iko kwenye maji yanayoingia nyumbani; pengine koki kuu, ambayo mara nyingi hujificha chini ya sinki la jikoni, haikufunguliwa yote. Likisumbua bomba moja tu, huenda kichujio cha mdomoni mwake kimeziba.

Baridi yakimwagika kwa nguvu na ya moto yakisuasua nyumba nzima, hapo boila ina kesi ya kujibu. Mshukiwa mkubwa London ni chokaa: maji yaliyopita kwenye miamba ya chaki, yakipata moto, huacha gamba gumu katika vijia vyembamba vya kibadilisha joto.

Kupima, ndoo na saa vinatosha. Boila ya kilowati 24 huongeza nyuzi 35 kwa takriban lita 10 kwa dakika. Januari, maji yakiingia na nyuzi 5, hutoka na 40, ya kuogea tu. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa dakika moja, boila hiyo haiumwi.

Ikijaa kwa dakika tatu, aitwe fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi. Kisheria, kazi ya gesi ni yake.