Je, Wajua? Wati 3 zinatosha kuokoa tangi la samaki

Umeme ukikatika usiku, samaki wa mapambo hawauawi na giza wala njaa. Mlo wanaweza kuukosa hata siku kadhaa. Kinachowamaliza ni kukosa oksijeni. Maji yakipata joto huishika kidogo: kwenye nyuzi 25 lita moja hubeba takriban miligramu 8.3, kwenye nyuzi 30 hazizidi 7.6. Ndiyo maana tangi lenye maji ya joto huzidiwa upesi, hasa likiwa limesongamana.

Pampu ndogo ya hewa hula wati 3 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, kama zile za ving'ora, huhifadhi wati-saa 84. Tumia nusu tu ili isife mapema, na bado mapovu yatapanda kwa saa 14. Paneli ya sola ya wati 20 yenye kidhibiti chaji huirudishia betri umeme huo siku ya jua kali. Nunua pampu ya volti 12 ili usihitaji inveta. Inveta nayo hula umeme wake bure. Hita ya wati 100 isahau kabisa: nusu hiyo ya betri haitaifikisha nusu saa.

Mwenye beta au gurami asihangaike sana. Hao hupanda juu wakavuta hewa wenyewe.