Rusizi: Soma ramani ya mji kabla ya kununua kiwanja

RUSIZI – Mfanyabiashara anayetafuta kiwanja cha kujenga ghala mjini Kamembe, upande wa Rwanda wa mpaka na Kongo, kwa kawaida huuliza maswali mawili: bei ni kiasi gani, na kutoka hapo hadi mpakani ni umbali gani. Swali la tatu huja baadaye, mara nyingi fedha zikiwa zimeshalipwa: je, mpango wa mji unaruhusu ghala mahali hapo?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mtaji utazaa au utalala.

Mji uliobanwa

Rusizi, iliyojulikana kama Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ikitazamana na Bukavu ng'ambo ya mto. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 485,000 katika wilaya nzima, kutoka takriban 400,000 mwaka 2012.

Watu wameongezeka, ardhi ni ile ile. Magharibi kuna ziwa na mto, mashariki kuna msitu wa Nyungwe, na kati yake ni milima yenye miteremko mikali. Kamembe kwenyewe kuna uwanja wa ndege. Tetemeko la ardhi la Februari 3, 2008, lililoua watu Rwanda na Kongo, lilikumbusha kwamba si kila mlima unafaa kubeba nyumba.

Wapi na lini

Katika mkakati wake wa maendeleo ulioanza mwaka 2013, serikali ya Rwanda iliitaja Rusizi kuwa mmoja wa miji sita ya kupunguza msongamano wa Kigali, pamoja na Rubavu, Musanze, Huye, Muhanga na Nyagatare. Kila mji ulitakiwa kuwa na mpango kabambe unaogawa ardhi katika kanda: makazi, biashara, viwanda, kilimo na maeneo yasiyojengwa. Mipango hiyo inapaswa kwenda sambamba na mpango wa taifa wa matumizi ya ardhi wa 2020 hadi 2050.

Lakini mpango kabambe husema wapi tu. Lini ni kazi ya bajeti ya mwaka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na wilaya hutia saini mkataba wa utendaji, imihigo, unaoorodhesha barabara, masoko na mitaro itakayojengwa. Barabara inaweza kuonekana kwenye ramani kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye bajeti. Anayenunua kwa kutegemea ramani peke yake anaweza kusubiri muda mrefu huku riba ya benki ikipanda.

Gharama zisizoonekana

Kuna mambo matatu ambayo mnunuzi wa mpakani husahau kuyapigia hesabu.

La kwanza ni ufukwe. Amri ya waziri ya mwaka 2010 iliweka mita 50 kutoka ukingo wa ziwa, na mita 10 kutoka mito mikubwa, kuwa ardhi ya umma. Kiwanja kinachosifiwa kwa mandhari ya Kivu kinaweza kuwa na sehemu ambayo mwenye nacho hawezi kuijenga.

La pili ni kodi ya ardhi. Halmashauri ya wilaya ndiyo hupanga kiwango kwa kila mita ya mraba, ndani ya kikomo cha sheria. Kikomo hicho kilikuwa faranga 300 chini ya sheria ya mwaka 2018, kisha kikashushwa hadi 80 mwaka 2023. Kwa hiyo mahali kiwanja kilipo kwenye ramani huathiri pia bili ya kila mwaka.

La tatu ni fidia. Sheria ya mwaka 2015 inataka ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma ilipwe ndani ya siku 120 baada ya malipo kuidhinishwa, pamoja na asilimia 5 ya usumbufu. Lakini anayeendelea kujenga baada ya orodha ya wanaostahili kulipwa kutangazwa hafidiwi kwa nyongeza hiyo.

Mpaka ukifungwa

Mpaka ulifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu na benki za mji huo zikafunga milango. Katika nyakati kama hizo, ghala lenye thamani kwa sababu tu ya kuwa karibu na mpaka hubaki bila mteja.

Hapo ndipo kanda inapokuwa na faida. Mahali panaporuhusiwa matumizi mchanganyiko, mwenye jengo anaweza kugeuza sehemu ya ghala kuwa maduka au vyumba vya kupangisha, akishapata kibali. Mahali pasiporuhusiwa, hubaki akisubiri wateja wa ng'ambo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata arabuni, mnunuzi achukue namba ya kiwanja na kwenda nayo ofisi ya ardhi ya wilaya. Aulize mambo manne: matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, kanda kwenye mpango kabambe, umbali kutoka majini, na kama kuna mradi wowote wa mwaka huu au ujao unaopita hapo. Muuzaji wa kweli hawezi kukataa kumpa namba ya kiwanja.