Usaili Usiouliza Habari za Mgonjwa

Nchi yetu ina upungufu wa wauguzi, na wakati huohuo ina wauguzi wasio na kazi. Jambo hili humshangaza mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri, lakini halimshangazi aliyewahi kutafuta ajira katika sekta ya afya. Serikali huajiri kwa kadiri ya bajeti yake, na nafasi nyingi katika huduma za UKIMWI na kifua kikuu hulipiwa na wafadhili kupitia mashirika yasiyo ya kiserikali, kwa mikataba ya muda mfupi. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 mnamo Januari 2025, watumishi wengi wa kliniki barani Afrika waliambiwa wasirudi kazini.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliolazimika kubisha hodi upya. Kwa miaka sita nilihudumu katika kliniki ya tiba na matunzo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafuatilia wagonjwa walioacha dawa. Kazi hiyo haina mashine wala cheti ukutani. Ni daftari, simu, na miguu. Unakwenda nyumbani kwa mtu bila sare, ili jirani asiulize muuguzi amefuata nini. Ukimkuta shemeji yake mlangoni, unasema umekuja kuulizia vitenge. Kumrudisha mgonjwa mmoja kwenye dozi huweza kuchukua miezi mitatu ya salamu.

Shirika lililoniita kwenye usaili halina haja ya kutajwa. Nilisafiri kwa basi usiku kucha kwa nauli yangu, nikafika kabla ya saa tatu asubuhi kama nilivyoelekezwa, nikaitwa ndani saa saba mchana. Afisa ajira alikuwa mtu mwenye adabu, nami simsingizii. Hata hivyo, swali lake la kwanza lilikuwa: “Dada, umewahi kuhudumia wagonjwa?” Wasifu wangu ulikuwa mezani mbele yake, umefunikwa na simu.

Yaliyofuata yalihusu moyo wa kujitolea. Je, ninao? Nimeuonyesha wapi? Kisha akauliza kama nimeolewa, nina watoto wangapi, na kama natarajia kuongeza mwingine “kwa siku za karibuni”. Hakuna swali hata moja lililomgusa mgonjwa. Nilipopewa nafasi ya kuuliza, niliuliza muuguzi mmoja atafuatilia wagonjwa wangapi. Hakujua. Nikauliza mshahara, kwa kuwa tangazo lilisema tu kwamba ni mzuri. Ikabainika kwamba miezi mitatu ya kwanza ni posho ya nauli na chakula, na baada ya hapo itategemea mfadhili. Nilipotaka ufafanuzi, akatabasamu: “Sisi hatutafuti watu wanaotanguliza fedha, dada yangu.”

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko maswali yote. Inageuza haki ya mtumishi kuwa dosari ya tabia. Anayeitamka analipwa mshahara, dereva wa shirika analipwa, mwenye jengo hupokea kodi yake. Wito hudaiwa kwa yule tu atakayeshika mkono wa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lilipendekeza walipwe malipo yanayolingana na uzito wa kazi, na kwamba hali ya ndoa isiwe kigezo cha kuwachagua. Ikiwa hayo yanasemwa juu ya mhudumu wa kijijini, sioni kwa nini muuguzi mwenye leseni astahili pungufu.

Kuna pia suala la ufanisi, ambalo mashirika haya hulipenda sana katika ripoti zao. Watafiti Frank Schmidt na John Hunter, walipochambua mwaka 1998 tafiti za miaka 85 juu ya uteuzi wa wafanyakazi, waliona kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa, yanayoulizwa kwa kila mwombaji na kupimwa kwa alama, hubashiri utendaji vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpango. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, ulioongozwa na Paul Sackett, ulirekebisha hesabu za awali, lakini tofauti hiyo ikabaki. Swali kama “Mgonjwa hajaja miezi miwili na simu yake imezimwa, utaanzia wapi?” lingemwonyesha afisa yule, kwa dakika tano, nani anaijua kazi na nani ameisoma tu.

Niliahidiwa jibu ndani ya wiki mbili. Halikuja, la kukubaliwa wala la kukataliwa. Baada ya miezi miwili tangazo lilelile lilitoka tena. Wakati huo wote eneo lile halikuwa na mfuatiliaji, na mgonjwa aliyeacha dawa hasubiri tangazo: virusi huongezeka mwilini, na huweza kuwa sugu kwa dawa alizokuwa akitumia.

Wenzangu mnaojiandaa kwa usaili, fahamuni kwamba kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu au maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Kinamlinda pia mwombaji wa kazi, na wakala wa ajira huhesabiwa humo kama mwajiri. Mgogoro wa namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Andikeni tarehe, maneno yaliyotamkwa na cheo cha aliyeyatamka, siku hiyohiyo, hata mkiwa ndani ya basi la kurudi.