Mabamba matatu na cherehani moja

Mashine ya kusaga unga ikianza kupiga kelele kule Iyolwa, Uganda, lawama huangukia beringi. Mpya huletwa kutoka Tororo au Busia, hufungwa, na si ajabu kelele zikarudi, kwa sababu shafti yenyewe imelika kiasi ambacho jicho halikioni wala rula haikisomi. Hapo fundi anahitaji kipimo cha kweli. Je, wajua kwamba vipimo vya kuaminika kuliko vyote vya zama zake vilimaliziwa nyumbani, kwa cherehani?

Carl Edvard Johansson alifanya kazi katika kiwanda cha bunduki mjini Eskilstuna, Uswidi. Mwaka 1896 alibuni seti ya vipande vya chuma kigumu vyenye unene mbalimbali. Usuguaji wa mwisho, ule wa kuondoa vumbi tu la chuma, aliufanyia nyumbani kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza kuwa mashine ya kusugulia. Vipande 102 vilitosha kutoa vipimo vipatavyo 20,000. Ukitaka milimita 41.37, unachukua cha 1.37, cha 15 na cha 25, unavitelezesha kimoja juu ya kingine, navyo vinagandana bila gundi yoyote.

Lakini vipande hivyo vipimwe juu ya nini? Juu ya bamba lililo sawa kabisa. Nalo bamba la kwanza lilisawazishwa kwa kutumia nini? Jibu lake ndilo linalonistaajabisha zaidi, na Mwingereza Joseph Whitworth alilieleza mwaka 1840: tengeneza mabamba matatu. Paka la kwanza rangi nyembamba ya buluu, lilaze juu ya la pili, lisogeze kidogo, kisha liinue. Rangi iliposhika ndipo palipoinuka. Pakwangue kwa chuma chenye makali. Mabamba mawili peke yake hudanganyana, maana moja likibonyea na jingine likavimba, yatakutana vizuri na yote mawili ni mabovu. La tatu ndilo linaloyaumbua. Yakutanishe kwa zamu, ukiyageuza robo duara mara kwa mara, na siku yote matatu yatakaposhikana kila mahali, yote yatakuwa sawa. Hakuna kifaa cha kupimia kilichotumika, ni mikono na subira.

Tena kuna suala la joto. Tangu 1931 dunia imekubaliana kwamba vipimo vya urefu vihesabiwe kitu kikiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mchana wa Tororo ukifika nyuzi 30, chuma cha milimita 100 kimeshaongezeka zaidi ya milimita 0.01. Aluminiamu, inayotengenezewa pistoni ya bodaboda, hutanuka kama mara mbili ya hapo. Kwa hiyo usipime kitu kilichotoka juani au kwenye mashine ya kukereza. Kiache kivulini pamoja na kipimo chako hadi vyote vipoe sawa.

Fundi wa Iyolwa anayetaka kuanza kupima kwa usahihi, aanze na skweya yake, hata kama ni mpya kutoka dukani. Iegemeze kwenye ukingo wa bamba ulionyooka, chora mstari kwa msumari uliochongwa, igeuze upande wa pili, uchore tena kuanzia alama ileile. Mistari ikiachana, kosa la skweya ni nusu ya pengo hilo. Chukua tupa uirekebishe kabla hujakata chuma cha mteja.