Kitufe cha Tab na Majina ya Mafaili



Mwanafunzi anayeanza kujifunza kompyuta huandika jina la faili herufi kwa herufi. Akikosea hata herufi moja, programu nyingi za kuandikia humfungulia ukurasa mtupu, naye hudhani kazi yake yote imepotea. Kumbe faili lipo salama, ila limeitwa kwa jina lisilo lake. Kinga ya kosa hili ni kitufe cha Tab, kilichopo upande wa kushoto wa kibodi.

Kinafanyaje kazi?

Tuseme folda ya madrasa ina mafaili matatu: mahudhurio.txt, matokeo-darasa1.txt na matokeo-darasa2.txt. Ukiandika "mah" na kubonyeza Tab, programu husoma orodha ya majina yaliyomo kwenye folda, huyalinganisha na herufi zako kuanzia mwanzo, na kuyaacha yasiyofanana. Likibaki jina moja, hulimalizia lote: mahudhurio.txt.

Je, ukiandika "mat"? Hapo yanabaki majina mawili. Ni kama mwalimu akusomee mwanzo wa sura kwa herufi tatu zile zile zinazoanzia Al-Baqara, Luqman na sura nyingine nne. Hujui akusudia ipi mpaka aongeze neno. Programu ya Emacs hufanya hivyo hivyo: humalizia hadi "matokeo-darasa", husimama, na ukibonyeza tena hukuonyesha orodha uchague.

Programu ya Vim ina desturi nyingine. Unaandika nukta mbili, herufi e, nafasi, kisha mwanzo wa jina. Ukibonyeza Tab hukuwekea jina la kwanza linalolingana. Ukibonyeza tena huleta linalofuata. Hapa ndipo penye hatari. Mwenye haraka hukubali jina la kwanza, akaandika alama za darasa la pili ndani ya faili la darasa la kwanza.

Vim ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki mwaka 2023. Mwaka 1994 alifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto huko Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa nchi yetu. Programu yake hugawiwa bure, na kwa miaka mingi kila aliyeifungua alikutana na maneno ya kumwomba awasaidie watoto wa Uganda.

Mambo ya kuzingatia:

1. Tab ikikataa kuongeza herufi, usilazimishe. Ama umekosea tahajia, ama uko kwenye folda nyingine.

2. Katika mfumo wa Linux, "Matokeo" na "matokeo" ni majina mawili tofauti. Tumia herufi ndogo daima.

3. Tanguliza katika jina kile kinachotofautisha. Mafaili yakiitwa darasa1-matokeo na darasa2-matokeo bado yanaanza sawa. Lakini kwanza-matokeo na pili-matokeo hutenganishwa na herufi moja tu.

4. Soma jina lote kabla ya kubonyeza Enter.

Tab haibuni kitu. Humalizia kile tu kilichopo. Kuchagua kilicho sahihi ni amana ya mwenye kuandika, hasa akishika alama za wenzake.

Wabillahi tawfiq.