Chakacha Ndani ya Chipu ya 1983

Famicom ilipoingia madukani Japani, Julai 1983, ndani yake mlikuwa na chipu ya Ricoh iitwayo 2A03. Chipu hiyo moja ndiyo iliyoendesha gemu, na hiyo hiyo ndiyo iliyopiga muziki. Muziki uligawiwa chaneli tano basi. Mbili ni za wimbi la mraba, na hizi ndizo hubeba melodi. Moja ni ya wimbi la pembetatu, laini, inayofaa besi. Moja ni ya kelele tupu, kama redio iliyopoteza stesheni. Ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa, tena kwa mkwaruzo.

Chaneli hizo tano ndizo ninazotungia muziki wa mfululizo wa katuni anaochora binti shangazi hapa Mombasa. Mhusika wake mkuu ni makanga wa matatu ambaye kila sehemu huwa na abiria wa kumfikisha mahali: mara Kongowea, mara Mwembe Tayari, mara kivukoni Likoni. Picha zote ni za vijisanduku vya rangi, kwa mtindo wa gemu tulizokuwa tukicheza kwenye TV. Wenyewe hatukuwahi kuliona neno Famicom. Zilizotufikia pwani ni mashine za kuiga kutoka China, na kaseti zake za njano zilizoandikwa kwamba zina mamia ya gemu, ukizichomeka unakuta ni zile zile chache zimebadilishwa majina. Lakini mlio ulikuwa ule ule, na ndio alioutaka.

Halipwi mtu. Yeye huchora usiku baada ya kazi, mimi hutunga baada ya isha.

Watu wengi hudhani muziki wa namna hii ni rahisi kwa kuwa vifaa ni vichache. Ni kinyume chake. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, gemu nzima, picha na sauti na maagizo yake yote, ilikuwa ya kilobaiti 40. Picha moja inayotumwa leo kwa simu huzidi hapo. Ndani ya nafasi hiyo Kondo akaweka wimbo ambao mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa, na ukawa muziki wa kwanza wa gemu kuingia humo. Aliweza kwa ujanja, na ujanja wenyewe unafundishika.

Chukua nota tatu za kupigwa pamoja. Chaneli ya mraba haiwezi kutoa zaidi ya nota moja kwa wakati. Basi unazizungusha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukibadilisha kila sehemu ya 60 ya sekunde. Sikio haliwahi kuzitenganisha. Linasikia nota tatu zinazotetemeka, na mtetemo huo ndio kila mtu anautambua kuwa ni wa gemu. Mwangwi nao haupo kwenye chipu. Unaipa chaneli ya pili melodi ile ile, ukiichelewesha kidogo na kuishusha sauti, na ghafla wimbo unakuwa ndani ya pango. Wimbi la mraba lenyewe lina upana unaobadilika: ukilibana hadi asilimia 12.5 linatoa sauti nyembamba ya puani, jirani na nzumari. Ukiliachia hadi 50 linakuwa nene na tupu. Makanga wetu anapodanganya kuhusu nauli, hutumia ile ya puani.

Ninaandikia kwenye FamiTracker, programu ya bure inayofuata masharti ya chipu hiyo. Aina hii ya programu, traka, ilianzia kwenye kompyuta ya Amiga mwaka 1987, Karsten Obarski alipotoa Ultimate Soundtracker. Hakuna nota za mistari mitano wala picha ya piano. Kuna safu moja kwa kila chaneli, na mistari ya namba na herufi inayoteremka kutoka juu kwenda chini. Mgeni akichungulia hudhani unafanya hesabu za duka.

Hesabu zenyewe ndizo zilizonipa raha kuliko yote. Filamu hukimbia fremu 24 kwa sekunde, ila wachoraji wengi wa katuni, hata wa studio kubwa, huushikilia kila mchoro kwa fremu mbili ili kuokoa mkono. Kwa hiyo binti shangazi huchora michoro 12 kwa sekunde. Chipu nayo huhesabu mapigo 60 kwa sekunde. Nikiiambia traka kila mstari udumu mapigo matano, napata mistari 12 kwa sekunde: mstari mmoja, mchoro mmoja.

Sasa ongeza chakacha. Ngoma hii ya wanawake wa pwani huenda kwa sita-nane, yaani mapigo mawili makubwa, kila moja likigawanyika mara tatu. Kila pigo kubwa likipewa mistari sita, mzunguko mzima wa chakacha unakula mistari 12. Sekunde moja kamili. Traka hukupa ukurasa wa mistari 64, iliyopangwa kwa muziki wa nne-nne. Mimi naukata uwe 48, na hapo nina sekunde nne za ngoma bila kubaki hata mstari. Binti shangazi hunipa karatasi: mchoro wa 1 makanga anaachia mlango, mchoro wa 7 mguu unagusa lami. Mstari wa 7 ndipo pigo kubwa la pili linapoanzia. Simsaidii kitu; mguu unaanguka penyewe kwenye ngoma.

Ngoma zenyewe nazitengeneza kwa mabaki. Vumi hutoka kwenye pembetatu: napiga nota ya juu, kisha naiporomosha hadi chini kabla sikio halijajua ni nota gani. Ila pembetatu ndiyo pia yenye besi, na haina kipimo cha sauti, ama inalia ama imenyamaza. Kwa hiyo besi yangu huishi katika mapengo ya vumi. Kayamba ni chaneli ya kelele iliyokatwa fupi fupi. Chaneli hiyo ina hali nyingine ambamo kelele hujirudia haraka ikawa na mlio wa chuma, na huo ndio upatu wetu.

Mama wa makanga akizungumza, binti shangazi hutaka kitu cha taarab. Hapo nashusha nota nusu ya nusu kwa safu ya kurekebisha mlio. Sauti za chini hukubali vizuri. Za juu kabisa chipu huruka hatua kubwa mno, basi mama yetu huimbiwa chini.

Tunachobishania ni kimoja. Kwenye gemu halisi, mhusika akiruka, mlio wa kuruka huiba chaneli moja, na sehemu ya wimbo hunyamaza kwa kitambo. Katuni haina haja hiyo. Ningeweza kuweka mlio juu ya muziki. Nakataa. Makanga akiruka, melodi ya pili inampisha.

"Kakangu, kwani chaneli ya sita ina dhambi gani?" huniuliza.

Dhambi yake nimeisikia mara nyingi: wimbo wa kawaida wenye sauti arobaini, umepakwa mlio wa gemu juu juu, ukaitwa wa zamani. Hauna mahali panapobanwa, kwa hiyo hauna mahali panaposhangaza. Toby Fox, kabla ya gemu yake Undertale ya mwaka 2015, alitunga muziki wa Homestuck, hadithi ya michoro ya mtandaoni iliyoanza 2009 na kuchanganya kurasa na vipande vya katuni. Kinachobaki kichwani katika kazi zake ni melodi chache zinazorudi kila mara zimevaa nguo nyingine, si wingi wa sauti.

Sehemu tunayoimalizia sasa ni ya kivuko, na binti shangazi amerekodi honi ya feri kwa simu yake. Hiyo ni kazi ya chaneli ya tano. Kipande kimoja hakiwezi kuzidi baiti 4,081, ambazo kwa ubora wa juu kabisa hazifikii hata sekunde moja, na honi ya feri si kitu cha kupita upesi. Nimeushusha ubora hadi karibu nusu. Mkwaruzo umezidi, lakini honi sasa inakaribia sekunde mbili, na yeye amekubali ikome mchoro wa 23.